Salamu za Shemeji

Reli yenyewe nyembamba, njia moja tu, na treni ya dizeli yenye mabehewa manne yaliyokwisha rangi. Dereva haruhusiwi kuendelea mpaka apokee pete ya chuma mkononi mwa mkuu wa kituo. Pete ndiyo ruhusa ya njia. Basi pale kituoni, kwa kuwa abiria hakuna, treni hupunguza mwendo tu, dereva akainama dirishani, pete ikapokewa, na watu wazima wawili wakapata nafasi ya sentensi moja.

Ndivyo walivyojenga urafiki. Swali linaulizwa asubuhi, jibu linatoka jioni. Kisa cha jino bovu la dereva, jamani, kilichukua mwezi mzima kwisha!

"Shemeji hajambo?" dereva huuliza.

"Hajambo, anakusalimia!"

Uongo mtupu. Mkewe alifunga virago tangu mvua za mwaka jana, akisema amechoka kuongea na kuta. Mkuu wa kituo hakumwambia mtu. Aliona aibu, ndiyo, lakini pia kila akisema "anakusalimia" alihisi kama mke yupo jikoni, kwenye nyumba yao ya hapo kituoni. Mficha maradhi, kilio humfichua; huyu hata wa kumlilia hakuwa naye.

Sasa zimeletwa redio. Kuanzia jioni hiyo pete zinastaafu, dereva ataruhusiwa kwa redio na kupita moja kwa moja. Asubuhi ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mkuu wa kituo alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi yake kwenye kioo, akinyoa ndevu: "Aliniacha, ndugu yangu." Alitaka mtu mmoja tu duniani ajue.

Treni ikaja ikikohoa moshi. Akainua pete, akafungua mdomo. Dereva akamwahi, akamrushia kifurushi.

"Kitambaa cha gauni, cha shemeji! Kwa salamu zake zote!"

Lo! Hapo utasema nini?

"Atafurahi!" akajibu, treni ikapita.

Mchana kutwa alijitukana. Jioni akasimama ukingoni mwa reli na ile pete isiyo na kazi, akidhani dereva akiiona atapunguza mwendo kwa mazoea. Wapi! Treni ilikuja mbio.

"Aliniacha!" akapiga kelele. "Niko peke yangu!"

Injini ikameza yote. Dereva akapiga honi ndefu ya kuaga, akampungia mkono akicheka, kisha akapunga tena, safari hii kuelekea dirisha la jikoni.