Kompyuta Iliyofungwa kwa Skrubu

Kompyuta ya mume wangu ilikuja kwenye boksi ikiwa vipande vipande. Aliketi nayo Jumamosi nzima kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, akifunga skrubu moja baada ya nyingine, na kila alipomaliza kipande aliniita nikakitazame kana kwamba amezaa.

Ilikuwa nene. Mdogo wake, mwenye duka la simu na kompyuta, alipoiona mara ya kwanza aliipima unene kwa vidole.

"Kaka, hii ni kompyuta au tofali?"

"Tofali linajenga. Hizo zako nyembamba zikiharibika unafanyaje?"

"Namuuzia mteja kompyuta nyingine."

"Umesema mwenyewe, mimi simo."

Ilikuja na kitabu chenye mchoro wa kila waya. Walioiunda hawakuficha kitu. Yeyote aliruhusiwa kujua imetengenezwaje, kuifungua na kuirekebisha. Hata mfumo ulioiendesha, Linux, ulikuwa wazi vivyo hivyo. Mume wangu alikuwa fundi redio. Kwa miaka ishirini alipigana na vifaa vilivyogandishwa kwa gundi ili mwenye navyo asivifungue, kwa hiyo tofali lile lilimpa raha ambayo sikuwahi kuielewa vizuri. Kwangu mimi, niseme ukweli, lilikuwa mzigo. Halikuwa na kamera. Video zilikwama. Ukihamia nalo jikoni, intaneti inakatika. Printa ilichapa siku ilipojisikia. Ukiliweka mapajani nusu saa, miguu inakufa ganzi.

Lakini humo ndimo tulimoweka vipimo vya wateja. Mimi ni fundi cherehani. Nilipima na kutaja namba, yeye akaandika. Kwa miaka sita walifika watu mia nne na ushee. Kando ya kila mmoja aliongeza neno lake, nami niliyakuta siku moja nikitafuta urefu wa mkono wa mtu: "Huyu huvuta tumbo ndani akipimwa. Ongeza inchi mbili." "Bega la kulia limeshuka, usimwambie." "Anapenda mifuko mikubwa, sijui anabeba nini."

"Siku wakiyaona haya?" nilimuuliza.

"Wataona nini? Suruali si zinawakaa?"

Alifariki mwanzoni mwa mwaka, ghafla, kwa moyo. Mama mkwe, ninayeishi naye, aliifunga ile kompyuta kwa mikono yake, akaizungushia shuka safi na kuiweka kabatini juu ya mashati ya mwanawe. "Asiiguse mtu mpaka mioyo itulie," alisema. Sote tuliona ndiyo heshima. Ikapita miezi mitano. Kila mteja aliyekuja nilimpima upya, nikaandika kwenye daftari, namba tupu.

Kisha akaja mkunga wa zahanati, mteja wetu wa siku nyingi. Alikuwa anastaafu, na alitaka gauni la kuagwa nalo.

"Sina muda wa kusimama unizungushie tepu," alisema akiwa bado mlangoni. "Leo nina wanawake watatu, na hakuna hata mmoja atakayenisubiri. Vipimo vyangu si unavyo?"

"Ninavyo," nikajibu, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Alipoondoka nikafungua kabati. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia, kimya. Nikachomeka chaja, kitaa kidogo kikawaka mara moja, kikazima. Nikabonyeza tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. "Imekuwaje?"

"Haiwaki, mama."

Aliketi kitandani taratibu. "Ni mimi niliyeifungia humo."

Nakala hatukuwa nayo. Ile flashi aliyohifadhia nakala niliifua mwenyewe pamoja na suruali yake, mwaka wa juzi, na kila siku tulisema tutanunua nyingine. Vipimo ningeweza kuvipata tena. Watu wapo na tepu ipo. Maneno yake yale mia nne nisingeyapata kwa yeyote.

Nikampigia simu shemeji. Alikuja kesho yake asubuhi na kompyuta mpya, nyembamba kama sahani.

"Hii ni zawadi, shemeji, usinibishie. Ile marehemu aliipenda, najua, lakini ile ni ya watu wanaopenda kuhangaika. Wewe unataka kubonyeza, iwake, ufanye kazi zako."

Sikumbishia, maana alisema kweli. Niliibonyeza ikawaka kabla sijavuta kiti. Ilikuwa na kamera, na kabla ya chai nilikwisha kumwona dada yangu wa mbali, meno yake yote, tukicheka na kujifuta machozi. Nisingependa mtu afikiri niliidharau.

"Sasa tuchukue vipimo vyako," shemeji akasema. Akaligeuza tofali, akafungua skrubu kumi na kuinua kifuniko. "Hapo kaka alikuwa na haki. Zangu ningetumia kisu na dua." Akachomoa kile kipande kinachotunza kumbukumbu, akakitia kwenye kijisanduku chenye waya na kukichomeka kwenye kompyuta mpya.

Ujumbe ukatokea kwenye kioo. Shemeji akausoma haraka. "Inasema diski haisomeki, ifomatiwe kwanza ndipo itumike." Kidole kikaenda kwenye Ndiyo.

"Kufomati ni kufanya nini?"

"Kuisafisha tu."

"Kusafisha uchafu, au kusafisha kila kitu?"

Nilikuwa nimekwisha kumshika mkono, na nilimshika kwa nguvu, maana baadaye alinionyesha alama ya kucha. Shemeji alitazama kioo, akanitazama mimi, kisha akauondoa mkono wake taratibu.

"Hii haijui Linux inavyoandika," alisema kwa sauti ndogo. "Isichokijua inakiona ni kitupu." Akajifuta jasho. "Shemeji, mimi vidole vyangu vimezoea kubonyeza ndiyo. Siku nzima dukani ni ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nisamehe."

"Hujafanya kitu. Kirudishe tu kile kipande."

Alipokirudisha, nikakichukua kile kitabu cha michoro. Kiingereza changu ni cha sekondari, na fizikia nilifaulu kwa kubahatisha, lakini kitabu kilikuwa kimeandikwa na watu wenye subira. Nikatafuta ukurasa wa betri. Kulikuwa na betri nane ndogo, mfano wa betri za tochi, zimepangwa safu mbili. Chini yake imeandikwa wazi: usiiache wiki nyingi bila kuichaji, hata ikiwa imezimwa, kwa maana betri zitaisha kabisa na hazitafufuka. Zikifa, toa, weka mpya za aina ileile, na kompyuta itawaka.

Nikamsomea mama mkwe. Alisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo haikufa yenyewe?"

"Haikufa, mama. Ni betri tu. Sisi tuliilaza njaa tukidhani tunaistahi."

Alicheka kidogo, akaficha mdomo kwa mkono kama aliyeiba.

Nilizichomoa zote nane na kuzipima kwa mita ya mume wangu. Hakuna hata moja iliyofika nusu ya kiwango cha kitabuni. Nikazifunga kwenye kitambaa, nikazipeleka kwa fundi wa taa za sola, mwanamke mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko, asiyeongea bila kuguna kwanza.

Alizitazama, akaguna. "Dada, hizi nani kaziua?"

"Huzuni."

"Huzuni haili betri. Mmeziacha bila chaji." Akavuta droo. "Sasa nisikilize. Kuna hizi za volti tatu na nukta mbili, na kuna hizi za tatu na nukta saba. Zinafanana kama mapacha. Ukikosea pacha unachoma nyumba. Kitabu chako kinasemaje?"

"Tatu nukta mbili. Zote nane ziwe mpya na za aina moja."

"Ahaa. Kumbe unasoma." Akapima moja moja mbele yangu, akaniandikia kwa wino kila betri upande wa chanya. "Wanaokuja hapa wengi huniletea kitu hakifunguki, halafu wananikasirikia mimi. Hicho chako kina mwenyewe, anayeweza kukifungua."

Nyumbani nilizipanga juu ya meza ya kukatia, mama mkwe akinishikia kitabu karibu na dirisha. Chanya huku, hasi huku. Nilihakiki mara tatu. Shemeji alikuwa amesimama pembeni, mikono ameiweka mifukoni kwa hiari yake. Nikachomeka chaja. Kile kitaa kiliwaka, kikabaki kimewaka.

Tulisubiri saa nzima. Nilipobonyeza, mistari myeupe ilishuka juu ya weusi, taratibu, kwa sababu kompyuta ile haijawahi kuwa na haraka, halafu ikaniuliza nenosiri. Nililiandika. Nikafungua orodha, nikashuka mpaka kwa mkunga. Namba zake zote zilikuwepo, na kando yake:

"Mkunga. Anasema hajanenepa. Tusibishane naye, ndiye atakayetuzalishia wajukuu. Ongeza inchi moja."

Nilisoma kwa sauti. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia, kisha akasema, "Endelea. Soma wa pili."

Tulisoma mpaka jua likazama. Shemeji aliuliza kama naye yumo. Alikuwemo. Tulimsomea, akatoka nje kidogo, akarudi ameosha uso.

Nakala ziko tatu sasa. Moja iko dukani kwa shemeji, kwenye droo anayoifunga kwa ufunguo. Ile nyembamba naitumia kuongea na dada. Tofali liko juu ya meza, nalichaji kila Jumapili, na printa bado inachapa inapopenda.

Juzi mama mkwe alitaka blauzi. Nilipima, nikataja namba, kisha nikakumbuka kwamba wa kuandika ni mimi. Nikaziandika zote. Mahali pa neno palikuwa patupu, nami miaka yote sijawahi kuandika chochote pale. Nilifikiri kidogo, nikaandika: "Mama. Ukimpima kwapani anatekenyeka, anakupiga. Subiri amalize."

"Umeandika nini hapo?" aliniuliza.

"Namba, mama."

"Muongo," akasema, akavuta kiti aje aone.