Haiathiri Picha

Barua ya mzee Uozumi ilifika ndani ya kifurushi kimoja na lenzi ya kamera aliyoirudisha, na bosi akanisomea kwa sauti kana kwamba ni barua ya matusi. Haikuwa na tusi hata moja. Mzee aliomba radhi kwa kutusumbua, akaomba radhi tena kwa mwandiko wake mbaya, ndipo akaeleza kwamba aliinunua kwetu mtandaoni mwezi uliopita, akampigia nayo binti yake picha za arusi, bibi arusi amesimama dirishani, na picha zote zimetoka kama zimemwagiwa maji ya mchele. Hadai pesa zake. Anaomba tu tuikague upya, isije ikamfika mtu mwingine.

"Umeuona ujanja huo?" bosi akasema. "Eti hataki pesa! Asiyetaka pesa ndiye wa kuogopa."

Bosi wetu, Ushiyama, ana roho nzuri, lakini wanunuzi wa mtandaoni wamemtia wazimu. Wapo wanaonunua lenzi safi, wakaifungua, wakachomoa vioo vizuri na kutia vibovu vyao, kisha wakairudisha huku wakilia. Kwa hiyo alikwisha kata shauri kuhusu mzee huyu. Jina la Uozumi litaingia kwenye orodha ya matapeli tunayopeana na maduka mengine, na baada ya hapo hakuna atakayemuuzia hata kifuniko. Kilichobaki ni muhuri wangu kwenye karatasi ya ukaguzi wa pili.

"Piga tu, Mama Togashi," akasema. "Uliandika haina ukungu. Kama wewe hukuuona, basi haukuwapo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mkaguzi ni mimi. Miaka ishirini na sita nilikagua vioo vipya kiwandani, hapa hapa mjini Okaya, na kiwanda kilipofungwa nikaja dukani hapa kukagua vikuukuu. Lenzi inafika imefungwa kwa magazeti. Naitikisa sikioni, nazungusha pete zake, halafu naimulika kwa tochi kutoka nyuma, mshazari, nikitafuta mikwaruzo, kuvu, gundi iliyoachia, na ukungu, ule utando mweupe unaofunika kioo kwa ndani. Vumbi wala halinisumbui, vumbi ni la wanaoanza. Mwisho naandika daraja, kuanzia A mpaka mbovu, na chini yake maneno ambayo mnunuzi huyatafuta kabla hata ya bei: haiathiri picha. Kisha muhuri mwekundu, Togashi. Watu wa Kyushu, kusini kabisa, wasionijua kwa sura wananunua wakiwa wamefumba macho, kwa sababu ya jina hilo.

Na Togashi ana mtoto wa jicho. Daktari wa macho mjini Matsumoto aliniambia mwezi wa pili, theluji ikiwa bado barazani kwake. Alinimulika mshazari, vile vile ninavyomulika mimi, nikajua kabla hajafungua mdomo. Akasema wataitoa lenzi ya jicho na kuweka ya plastiki, nafasi ipo Oktoba. Nilitaka kumuuliza hiyo ya plastiki ni ya daraja gani. Macho yote mawili, akasema. Sikuzaa maisha yangu yote, halafu uzeeni napewa mapacha.

Ningesema kesho yake mambo yangekwisha. Sikusema, kwa kiburi tu, sina jina jingine la kuliita jambo hilo. Na kila siku niliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi, kwa maana sasa ilinibidi nieleze na kunyamaza kwenyewe. Mwanzoni kila lenzi niliyoishika ilikuwa na ukungu. Nikazitupa lenzi za watu kwenye kreti la mbovu, lenzi nzima kabisa, na wajane waliotuletea vitu vya marehemu waume zao wakaambiwa havina bei, nao wakainama na kushukuru. Nikaogopa. Ndipo nikabuni hesabu yangu ya kijinga: nikiona ukungu mwepesi, nautoa, huo ni wa macho yangu, si wa lenzi. Kwa hesabu hiyo lenzi ya Uozumi ilipata A.

Sasa nikaiinua kwenye tochi. Nyeupe. Lakini hata ukuta wa nyuma ulikuwa mweupe, na taa ilikuwa imeota manyoya. Nikaweka tochi chini, nikatumia kucha. Pete ya nyuma hushikwa na skrubu tatu ndogo, na mtu akizifungua, awe fundi namna gani, bisibisi huacha ukingo unaokwaruza. Nikapitisha ukucha mara mbili. Laini. Haikufunguliwa na mtu, na ukungu wa ndani kama alioueleza hauji kwa mwezi mmoja. Mzee wa watu alikuwa anasema kweli, na mimi ndiye niliyemharibia arusi ya mwanawe.

"Bosi," nikasema, "haijafunguliwa hii. Kosa ni langu. Macho yangu hayaoni."

Bosi akacheka. Kitazume, dada anayefungasha vifurushi, naye akacheka. Kwetu mtu hatoi neno bila kujishusha kwanza, na mimi kila ukaguzi wangu nimeuanza hivyo hivyo miaka yote: macho yangu si kitu, lakini.

"Aa, usiseme hivyo!" Kitazume akaitikia kama kawaida yake, hata kichwa hakuinua.

"Sijishushi. Nina mtoto wa jicho."

"Nani hana, kwa umri huo?" bosi akasema. "Mama yangu anaye, na gazeti anamaliza lote mpaka matangazo ya vifo. Unamhurumia huyo mzee, nakujua. Wewe roho yako laini kama tofu, hiyo."

"Bosi, nisikilize."

"Nimekusikia, Mama. Unyenyekevu wako tunaujua. Piga muhuri twende tukale."

Nikainama kuomba radhi, naye akainama zaidi yangu. Kadiri nilivyosema kweli, ndivyo walivyozidi kuniheshimu. Akaniwekea muhuri kiganjani kwa mikono miwili, akafungua kidau cha wino, akakisogeza mbele yangu. Hasira zikanipanda, sijui za nani.

"Wewe Ushiyama!" nikafoka, bila kumwita bosi wala nini. "Hata hayo masharubu yako, kutoka hapa naona doa jeusi tu!"

Kitazume aliacha kukata utepe.

"Masharubu gani, Mama?" bosi akauliza taratibu.

"Alinyoa Jumatatu," Kitazume akasema, kwa sauti ndogo. "Tumemtania wiki nzima. Na wewe ulikuwa unacheka."

Nilicheka kwa sababu wao walicheka. Hayo masharubu nilikuwa nayaona kwa mazoea.

Bosi akachukua tochi. Aliishika vibaya, lakini alimulika, akatazama kwa muda mrefu. "Nyeupe," akasema. "Hata mimi naiona." Akaichana karatasi ya ukaguzi ya Uozumi vipande viwili na kuitia mfukoni. Halafu akaniuliza tangu lini.

"Tangu theluji."

Kitazume alifungua kompyuta bila kuambiwa. Lenzi mia nne na kumi na mbili zilikuwa zimetoka na jina langu tangu wakati huo, mpaka Hokkaido huko kaskazini. Makreti ya mbovu yalikuwa yamekwenda kwa wavunjaji wa vitu chakavu zamani, hayo hayana kurudi.

"Tutaziita zote," bosi akasema. "Tutaomba radhi nyumba kwa nyumba, na zote zitakaguliwa upya."

"Na nani?" nikamuuliza.

Sikuwahi kumfundisha mtu yeyote dukani pale namna ya kushika tochi. Nilipenda niwe mimi tu ninayeulizwa. Bosi alimtazama Kitazume, na Kitazume akatazama kiti changu. Nikabaki nimekikalia, maana hapakuwa na mwingine wa kukikalia.