Jumbe na Kopo la Chumvi

Jana nililala na hasira, begi langu nimeshalifunga na kuliweka miguuni pa kitanda, na katika usingizi huo nikaota nimetiwa kwenye mfuko wa nailoni.

Mfuko wenyewe ni ule wanaouzia samaki wa mapambo: maji nusu, hewa nusu, shingoni umekazwa kwa mpira. Nimekaa humo na kanga zangu, naelea katika beseni la vyombo, jikoni kwa wifi yangu Somoe. Sikushangaa hata kidogo. Nilichowaza ni kwamba kanga ni mpya, zitachuja.

Na kwa nini nilikuwa na hasira? Nimeolewa na Mshamu baada ya Idi, hapa Lindi, nikamkuta nyumbani dada yake mkubwa, Somoe, aliyemlea tangu mama yao afariki. Jikoni kwake kila kitu kina msumari wake. Jana nikaweka kopo la chumvi karibu na jiko, nisiwe naparamia kabati kila nikipika. Somoe akalirudisha juu mbele ya wageni, akasema, "Wifi, humu vitu vina kwao." Wageni wakacheka. Mimi uso ukaniwaka moto.

Nikaenda kwa mume wangu, nikamkuta mkono wote umezama ndani ya tangi la samaki. Ana samaki mmoja tu, Jumbe, mkubwa kama sahani ya wali, mwenye nundu kwenye paji la uso na roho mbaya isiyo na mfano. Kila mwenzake akiletwa, anamuua.

"Ngoja kwanza, mke wangu," akasema. "Nahamisha mawe. Kesho analetewa mwenzake, nimeambiwa nimvurugie kwanza, asipatambue pake, ndipo asimuue mgeni."

"Na mimi je?"

"Wewe si umeshazoea."

Haya. Ndipo nikafunga begi. Asubuhi nilikuwa narudi kwa mama, na yeye abaki na mawe yake.

Basi, niko kwenye mfuko. Mwiko wa Somoe unashuka ukutani, unaniinamia.

"Mgeni, maji yako yana joto gani?"

"Sijui."

"Kaa humo mpaka yafanane na ya humu. Ukimwagwa ghafla utapata mshtuko."

"Mimi nimeolewa tangu Idi!"

"Hiyo ni harusi," mwiko unasema. "Mimi nimeuliza joto."

Mlango unafunguka, Jumbe anaingia. Amesimama wima, amevaa msuli wa mume wangu, na shingoni ana tepu ya fundi cherehani. Nyuma yake yuko Somoe, naye ameota nundu kwenye paji. Inampendeza, sitasema uongo.

"Kinachoenea mdomoni ni chakula," Jumbe anatangaza. "Asiyeenea ndiye mwenza. Somoe, fungua mdomo."

Somoe anafungua. Unafunguka, unafunguka, tepu inakwisha. Nachungulia ndani, nawaona wale wasichana wawili waliowahi kuchumbiwa na Mshamu kabla yangu. Wamekaa juu ya vibao vya mbuzi za kukunia nazi, wanachambua mchele. Wananipungia mkono.

"Habari za huko?" nawauliza.

"Nzuri. Ila hatujui chumvi iko wapi."

Jumbe ananipima mimi, anaandika kwenye pezi lake. "Miguu inaenea. Kiuno kinaenea kwa shida. Kichwa hakiendi, ni kigumu. Mnaweza kuishi pamoja. Mmwageni!"

Mpira unakatika. Jiko linajaa maji hadi darini, na sasa si jiko tena, ni ukumbi ule wa harusi yangu. Wageni wamekaa chini ya maji na sahani za biriani, wanafukuza dagaa. Somoe ananijia mbio. Ananishika mdomo kwa mdomo, kama wanavyoshikana samaki wa aina ya Jumbe wakipigana, na tunasukumana kutoka jukwaani hadi kwenye masufuria. Wageni wanapiga vigelegele, mapovu yanawatoka.

Nilikuwa namuweza. Naapa nilikuwa namuweza. Lakini macho yake yalikuwa karibu mno na yangu, na yalikuwa macho ya mtu aliyeogopa.

"Nikikuachia hapa," ananiambia, mdomo wake umebanwa na wangu, "mimi nitakaa wapi?"

Nikamhurumia. Halafu nikakasirika kwamba nimemhurumia.

Jumbe anapuliza filimbi. "Tokeni! Mtauana bure kwa ajili ya mawe. Mimi nimeua wangapi? Wote kwa sababu nilijua pangu. Jana mawe yamehamishwa, sasa sijui nilale wapi. Sijapata kuwa na raha kama hii."

Anapuliza tena, ukumbi unarudi kuwa jiko. Masufuria yanashuka kwenye misumari, yanatembea, kila moja linatafuta pengine. Mwiko unakwenda dirishani. Kopo la chumvi peke yake linagoma, limeng'ang'ania kabati.

"Mimi siendi. Nina kwangu."

Jumbe alikuwa ameshachota changarawe. Mdomo umemjaa. Akalinyakua hivyo hivyo, akaondoka nalo.

Nikaamka kukicha. Mshamu anakoroma. Nikachukua begi, nikasema nimuage wifi kwa heshima zote, asije akasema sikufunzwa kwetu.

Nikamkuta Somoe amesimama katikati ya jiko, mikono kichwani. Mihogo inachemka. Mwiko unaning'inia dirishani. Masufuria yako chini ya meza, unga uko mahali pa mkaa.

"Wifi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "chumvi umeiona?"

"Wallahi sijagusa kitu," nikasema, nikitua begi chini.

"Wala mimi." Akafungua kabati, akalifunga. "Jamani, hata sijui nianzie wapi." Akageuka, akajikwaa. "Hili begi la nani njiani?"

"Nguo za kufua," nikasema. "Wewe tazama huko, mimi nitazame huku."

Tukatafuta, tukagongana vichwa, akacheka yeye kwanza. Kopo nikalikuta nyuma ya pipa la maji. Kifuniko kilikuwa kimelowa. Nikafungua, na juu ya chumvi kulikuwa na punje ya changarawe ya buluu, ile iliyomo kwenye tangi la Mshamu peke yake.

Tukaitazama. Tukatazama sebuleni. Nyuma ya kioo Jumbe alikuwa anafumba na kufumbua mdomo.

Somoe akaitoa ile punje, akaitia mfukoni. "Haya wifi," akasema, "tuliweke wapi sasa?"

Nikaliweka karibu na jiko. Akaliangalia. Akalisogeza kidogo, upana wa kidole tu, kisha akaliacha hapo.