Mwizi Aliyemchoma Liwali

"Jumamosi iliyopita ulimtukana mume wangu kwa sababu ya kete tu," binti alimwambia baba yake mlangoni. "Ukivuruga mchezo tena leo, baba, usirudi."

Mzee, fundi kufuli, akaguna, akapita ndani. Tangu amzike mkewe, hii ndiyo nyumba pekee iliyobaki kumkaribisha. Kwingine kote alishagombana na watu, kuanzia mwenye nyumba wake hadi mwenyekiti wa mtaa. Mkubwa, alipenda kusema, ni kupe: ukimwona amenona, jua kuna ng'ombe anakonda.

Mezani palikuwa na ramani ya penseli, kete ya pande ishirini na kitabu kinene cha sheria. Ulikuwa mchezo wa kusimulia: binti anaeleza kinachotokea, mkwe ni askari mwenye upanga, mzee ni mwizi. Leo mwizi wake alikuwa amepanda daraja, kwa hiyo ilimpasa achague tawi moja la ujuzi kati ya matatu.

"Chukua Mvunja Kufuli, mzee," mkwe akasema. "Si ndiyo kazi yako miaka thelathini?"

"Nifanye kazi hadi mchezoni? Mimi siyo wewe, uliyeoa ili upumzike."

"Haya, Muuaji basi. Unanyemelea, unachoma kisu, kwisha habari."

"Na la tatu?"

"Mpelelezi," binti akasoma. "Anamtambua mtu anayedanganya."

"Andika hilo. Kuna watu wataniona leo."

Wakaingia mji wenye tauni. Binti akaifanya sauti nzito, akawa liwali: "Dawa imo ghalani, lakini ufunguo anao mfalme. Nimeshamtuma mjumbe. Subirini hadi asubuhi."

Subirini! Mzee akainyakua kete. Ndilo neno alilopewa na daktari mkuu hospitalini, mkewe akihema kwenye benchi la korido. Asubuhi ilipofika, hapakuwa tena na wa kusubiri.

"Nampeleleza," akasema, akarusha kete. Kumi na tisa.

"Umemsoma vizuri sana," binti akasema polepole. "Hadanganyi. Ufunguo hana kweli."

"Anadanganya."

"Baba, kete imesema."

"Kete imesema, kitabu kimesema, mkubwa kasema! Sisi tunasema lini? Namchoma kisu."

"Mzee, acha!" mkwe akamaka. "Dawa tutaipataje?"

Kete ikabiringika, ikatua kwenye ishirini. Hapakuwa na la kubishania.

"Liwali amekufa," binti akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Mjumbe amekuja na ufunguo, ameona maiti, amegeuza farasi. Wagonjwa wote wamekwisha." Akaisukuma kete kando. "Nilimfanya mkweli makusudi, baba. Yule daktari hakuwa na ufunguo wa stoo ya dawa. Nilikuwepo. Nilimwona akimpigia mwenye ufunguo simu mara kumi, huku analia."

"Kumbe na wewe walikununua! Tena kwa machozi ya mamba. Ukamwacha mama yako afe, ukamhurumia mkubwa."

Mkwe akasimama. Binti akamzuia kwa mkono, akafunga kitabu.

"Toka, baba."

Mzee akatazama meza, akamtazama mwanawe. Neno la radhi lilimfika kooni kabisa. Ilibaki kufungua mdomo tu. Akalimeza kama shubiri.

"Ningemchoma tena," akasema.

Alikuwa hajafika ngazini aliposikia komeo likishuka.