Ndoo za Fundi

Mtaani walimwita Fundi, na hakuna aliyeuliza fundi wa nini, maana cherehani yake ilisikika tangu asubuhi kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Alishona sare za shule, mapazia, na magauni ya wanawake walionenepa wasiotaka kuambiwa hivyo. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na ni mdomo huo uliomwingiza kwenye kilimo.

Chini ya jengo lao palikuwa na kibanda cha mboga cha mwanamume aliyepachikwa jina la Mizani. Hakulipata kwa uaminifu. Kidole gumba chake kilipenda kupumzika juu ya mizani kila alipopima nyanya. Jioni moja Fundi alilifungua fungu la mchicha palepale kibandani, wateja wakitazama, akakuta nje kijani kibichi na ndani majani ya manjano yanayoteleza. Alisema alichokiona, tena kwa sauti ya kutosha. Mizani hakuomba radhi. Alimpokonya fungu lile, akalifunga upya na kulinyunyizia maji.

"Kama zangu hazikufai, dada, kalime zako."

Wateja wakacheka. Pengine yangeishia hapo, ila mmoja aliuliza atalima wapi, kwenye sinki? Vicheko vikaanza upya.

"Nitalima," Fundi akasema. "Na mchicha wako sinunui tena."

Akaondoka kichwa juu, mikono mitupu. Alikuwa katikati ya ngazi alipokumbuka kwamba hajawahi kupanda hata kitunguu. Alizaliwa ghorofani, akakulia ghorofani, akaolewa ghorofani. Udongo kwake ulikuwa kitu cha kupangusa kwenye viatu.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi wa majokofu, mtu mpole asiyependa makelele, na mama mkwe wake, ambaye alilima maisha yake yote mpaka magoti yalipomgomea na mwanawe akaenda kumchukua. Tangu siku alipopandishwa zile ngazi mama yule hakushuka tena. Kiti chake kilikaa karibu na dirisha, na kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa kusubiri chakula. Aliposikia habari za kibandani alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akasema mboga inataka ardhi, na ndoo ni chombo cha kuogea. Mume akashauri wanunue mchicha mtaa wa pili, mambo yaishe kimyakimya.

Fundi hakutaka yaishe kimyakimya. Aliokota ndoo za rangi kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa nyuma yao, akazisugua, akajaza udongo kutoka kwenye shimo la msingi, akafukia mbegu za mchicha kwa kina cha kidole kizima, akamwagilia maji asubuhi, mchana na jioni kama anayenywesha ng'ombe. Akazipanga kwenye kibaraza cha jikoni, mahali ambapo jua lilipita haraka kama mgeni mwenye shughuli. Hakuna kilichoota. Ndoo zilianza kunuka. Alipochimba chini alikuta tope jeusi, na juu udongo umekaza kama tofali.

Kitunguu bado alikinunua kwa Mizani, maana kibanda kingine kilikuwa mbali. Mizani alisubiri mpaka wateja wajae ndipo akamuuliza kama mboga zimeota.

"Zimekufa," Fundi akajibu.

"Nilijua."

"Nimepanda nyingine. Nipimie kitunguu, na hicho kidole kiondoe."

Alikuwa hajapanda. Alipanda jioni hiyohiyo, ili asiwe mwongo.

Safari hii aliuliza. Mteja wake mmoja, aliyekuja kupunguziwa sketi, alimwambia ndoo isiyo na matundu chini ni kaburi, kwani maji yasipopata njia mizizi inazama. Fundi akachoma matundu kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko. Akalainisha ule udongo mgumu kwa mchanga na majani makavu yaliyooza kando ya ukuta. Mama mkwe, aliyekuwa akitazama yote haya kutoka kwenye kiti chake kama mtu anayetazama mpira, akashindwa kujizuia. Alisema palipo na samadi hapakosi mboga, na akaamuru iletwe samadi ya kuku, nyingi, ikiwa mbichi. Fundi akatii. Miche ikachomoza, ikasimama kidogo, kisha ikaungua ncha zote kama iliyopitiwa na pasi ya moto.

Mama mkwe akaomba ndoo moja iletwe kitini kwake, akalisugua jani lililoungua kati ya vidole. "Shambani ile samadi ina pa kwenda," akasema mwishowe. "Humu kwenye ndoo imefungiwa pamoja na miche. Kumbe na mimi sijui."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na maneno yale yakamkata makali. Kuanzia hapo walianza kujifunza wawili. Samadi waliiacha ikae mpaka ikapoteza harufu na kuwa kama unga mweusi, ndipo wakaichanganya kidogo. Maji hawakumwaga kwa saa wala kwa mazoea. Kabla ya kumwagilia, mtu alichomeka kidole kwenye udongo. Kidole kikitoka na unyevu, ndoo iachwe. Mbegu walizinyunyiza juu na kuzifunika kwa udongo mwembamba kama wa kuficha aibu. Ilibaki jua, na jua lilikuwa juu ya paa.

Paa la jengo lile lilikuwa bapa, na mlango wake haukuwa na mwenyewe. Huko palitupwa matangi yaliyopasuka, choo cha kukalia chenye ufa, na milango ya zamani. Fundi akapandisha ndoo zake, akaziinua juu ya vipande vya tofali ili maji yasituame. Mchicha ukaja kwa hasira. Ulikuja mnene, wa majani mapana, na siku alipochuma fungu la kwanza hakuupitisha jikoni moja kwa moja. Alishuka nao mpaka chini, akapita nao mbele ya kibanda taratibu, kama mtu aliyesahau kitu, akapanda tena. Mizani alikuwa anapanga mbilingani zake na hakuinua uso, lakini alizipanga vibaya.

Muuguzi wa ghorofa ya pili akaomba mbegu. Mwalimu wa ghorofa ya nne akaleta beseni lililotoboka, kwa hiyo matundu tayari lilikuwa nayo. Pilipili zikafuata, kisha nyanya zilizofungwa kwenye vijiti vya mapazia. Ndipo msimamizi wa jengo akasikia.

Alikuwa mwanaume mrefu, na funguo zake zilimtangulia kwa mlio. Akamwambia Fundi paa si shamba, maji yatapenya kwenye dari, na vyombo vyote vishuke kabla ya mwisho wa wiki. Fundi akamwonyesha choo chenye ufa. Akauliza hicho kiko hapo kwa kibali gani. Msimamizi akasema choo ni mali ya mwenye nyumba. Walitupiana maneno mpaka mume akapanda, akamshika mkewe mkono na kumwambia kwa upole kwamba kodi hii ni nyepesi na nyumba ni ngumu kupata. Fundi alimsikia. Alijua anasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma.

Ndoo hakushusha. Mwisho wa wiki ulipopita, msimamizi alikuja na kufuli jipya. Fundi alikuwa anapima mteja aliposikia funguo zikipita mlangoni kwake kuelekea juu. Akatupa utepe, akageuka kumwambia mama mkwe kwamba anatoka, akakuta kiti cha dirishani kitupu; mama alikuwa amemwona msimamizi kwa mbali na kutangulia.

Alimkuta kwenye ngazi za mwisho. Mama mkwe alikuwa ameishika reli ya ngazi kwa mikono miwili, anapanda kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, anahema, na kila ngazi anaitukana kwa jina lake. Fundi akamsihi warudi. Mama akamjibu kama anataka kusaidia asukume, kama hataki asogee. Fundi akasukuma. Wakatokea juu, msimamizi akiwa tayari kaning'iniza kufuli kwenye komeo. Mama mkwe akampita bila salamu, akakaa juu ya kile choo chenye ufa, katikati ya ndoo, akatandaza kanga magotini.

"Mama, tafadhali, nafunga hapa," msimamizi akasema.

"Funga, mwanangu. Mimi nimefika."

"Siwezi kukufungia humu."

"Basi usifunge."

Msimamizi alimtazama Fundi amsaidie. Fundi akachukua kopo la maji na kuanza kumwagilia nyanya, ndoo moja baada ya nyingine, akichomeka kidole kwanza. Majirani waliosikia zogo wakaanza kujitokeza. Muuguzi alileta mwavuli, akausimamisha juu ya kichwa cha mama. Msimamizi akapiga simu.

Mwenye nyumba alikuja alasiri, mama mnene wa viatu vizuri, naye ngazi zilikuwa zimemkata pumzi na kumharibia moyo. Alianza kwa ukali. Fundi akamwacha amalize, kisha akasema neno alilokuwa amelikalia tangu siku ya kwanza.

"Kama ni vitu kushuka, vishuke vyote. Matangi, milango, na hicho alichokalia mama. Mimi nitabeba vyangu, na wewe utabeba vyako. Lakini vyangu peke yake sibebi."

Mwenye nyumba aliyatazama yale matangi kama anayaona mara ya kwanza. Akainama kwenye tofali, akapitisha kiganja chini ya ndoo, akakuta pakavu. Hakutabasamu. Alisema ndoo zikae ukingoni, pale paa linapokalia ukuta imara, si katikati, na siku tone moja litakapopita kwenye dari la mwalimu, kila kitu kitatoka, na Fundi mwenyewe nyuma yake. Fundi akasema sawa. Hakusema asante, kwa kuwa hakuona alichopewa. Usiku mumewe alimwambia alikuwa na hofu siku nzima. Fundi akamwambia hata yeye.

Mama mkwe hakurudi dirishani. Kila asubuhi alipanda, polepole, akipumzika kila mgeuko wa ngazi na kuzisema, mpaka magoti yakachoka kulalamika. Baadaye akadai ndoo yake mwenyewe, ile kubwa kuliko zote, na akapanda mahindi. Fundi, ambaye sasa alijiona mjuzi, alimweleza kwa heshima kwamba hindi linataka nafasi na linataka wenzake, kwamba ndoo hiyo ingetoa spinachi ya wiki nzima.

"Mama, mahindi hayataki ndoo."

"Hayajaniambia mimi."

Yaliota mashina mawili, yakarefuka, yakalala kwa upepo, yakafungwa kwenye bomba la tangi. Wote waliopanda juu waliyacheka, hata mwalimu. Mama alikuwa akiyatikisa kila asubuhi, shina kwa shina, ili vumbi la maua lidondoke, na hakumweleza mtu kwa nini. Shina moja halikuzaa kitu. Lingine lilitoa hindi fupi kama kiganja, lenye punje hapa na pengo pale.

Alilichoma mwenyewe kwenye jiko, akakaa nalo sebuleni mbele ya watu wote, akalila punje kwa punje bila kumkaribisha mtu. Mwanawe aliponyoosha mkono alipigwa kikofi. Alipomaliza alifuta vidole, akamgeukia mkwewe aliyekuwa ameinamia cherehani.

"Ukipita pale kwenye ujenzi," akamwambia, "niokotee ndoo nyingine."