Tangi la Kushoto Limekosa Nini?

Mzazi wa mapacha hana ruhusa ya kupendelea. Akinunua kandambili, ni jozi mbili. Akikata chungwa, analikata katikati hasa, huku mahakimu wawili wadogo wamemkodolea macho. Mama Pacha alikuwa ameishi hivyo miaka na miaka, na sasa mabinti zake walikuwa wakubwa wa kumsuta. Kwa hiyo Mtaalamu alipomkabidhi matangi mawili ya majitaka nyuma ya kiwanda cha maziwa, alimkabidhi mtu asiyefaa kabisa. Ila hakujua, masikini.

Matangi yale yalipokea maji yaliyooshea mitambo, yenye mafuta ya maziwa na harufu ya kukutoa machozi. Ndani yake vijidudu visivyoonekana hula uchafu na kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo iliyochemshia chai kantini. Ilikuwa haba, chai inachemka watu wameshakata tamaa. Mtaalamu akaja na dawa yake: unga wa chuma, uliosagwa mpaka chembe zake zikawa ndogo kuliko hata hivyo vijidudu. Aliziita chembe za nano.

"Zinavitia nguvu," alisema. "Tangi la kulia litilie kopo zima kila asubuhi. La kushoto usilitilie kitu."

"Limekosa nini?"

"Halijakosa kitu, mama. Ni la kulinganishia."

Mama Pacha akaitikia "sawa", ile sawa ya kumridhisha mtu aondoke. Mtaalamu alipogeuka tu, nusu kopo kulia, nusu kopo kushoto. Tena akayapapasa matumbo.

"Kuleni, wanangu. Msinigombanie."

Haukupita muda, gesi ikawa ya kumwaga. Wapishi wa kantini wakaanza kulalamika kwamba sufuria zinaungua, na Mama Pacha akawa anatembea kifua mbele.

Siku ya ukaguzi akaja Meneja. Huyo hakuyapenda matangi tangu mwanzo. Alitaka pa kuegeshea malori. Kila tangi lilikuwa na jiko lake dogo la majaribio. Mtaalamu akayawasha yote mawili, na moto ukapanda sawa kwa sawa. Mama Pacha nusura apige makofi.

"Sasa huo unga una kazi gani?" Meneja akauliza. "Lenye unga na lisilo na unga, moto ni ule ule! Gesi imeongezeka kwa sababu maziwa ya siku hizi yana mafuta mengi. Vunjeni haya. Mtaalamu, nenda salama. Na wewe mama, utarudi kuosha chupa."

Kuosha chupa! Alishakaa huko, vidole havikauki, kucha zinabanduka. Akamtazama Mtaalamu: kijana wa watu anakagua jiko moja, anarudia jingine. Hapo ndipo alipoelewa maana ya kulinganisha.

"Meneja, kosa ni langu. Nilikuwa nawagawia."

"Unamgawia nani?"

"Wote wawili, nusu kwa nusu. Ningewezaje kumlisha mmoja mwenzake anatazama?"

Meneja akacheka mpaka akashika ukuta. Mtaalamu hakucheka. "Mama, umeniua," alisema.

"Haya," Meneja akasema akifuta machozi. "Mnyime mmoja mwezi mzima, halafu nakuja. Moto ukilingana tena, nakuja na nyundo."

Mwezi huo aliuona mrefu! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kila asubuhi alililisha la kulia, kisha akalipita la kushoto ameinamisha uso. "Nisamehe, mwanangu, ni kwa faida yako." Nyumbani akawarundikia mabinti zake chakula mpaka wakadhani anaumwa.

Meneja akarudi. Kulia, moto ukanguruma. Kushoto ukajikunja, ukapepesuka, ukazimika. Meneja akaguna, akasema malori yatafutiwe pengine. Mtaalamu akaruka kwa furaha akitafuta wa kumkumbatia, lakini Mama Pacha alikuwa ameshashika kopo, anamlipa wa kushoto deni la mwezi mzima.

"Sasa wote watakula," Mtaalamu alimwambia. "Ila najenga la tatu, la kulinganishia. Hilo halipati kitu, umenisikia? Na ufunguo wa kabati la unga nakaa nao mimi."

"Sawa," akasema, ile sawa yake.

Jioni, akielekea nyumbani, alipitia karakana akamwomba fundi misumari, tena ile iliyokula kutu.

"Ya nini, mama?"

"Kuna mtoto anakuja."