Valvu ya Tangi la Tatu

Saa tisa alasiri usafi wa haidrojeni ulikuwa asilimia themanini na mbili. Mama Mitambo, kama wenzake walivyomwita, aligeuka kuweka kikombe chini; alipoitazama skrini tena, ilionyesha themanini. Hakuketi.

Mtambo wake uligeuza nafta, mafuta mepesi yasiyofaa bado kwa magari, kuwa petroli bora, na haidrojeni iliyozalishwa humo ndiyo iliyokinga kichocheo, madini yanayoharakisha mageuzi hayo, kisifunikwe na masizi. Kichocheo chenyewe kilikuwa kipya. Kikiharibika, kiwanda kizima kingesimama.

"Ongeza moto," alisema msimamizi wa zamu. "Petroli inashuka ubora."

"Kama ni salfa, bosi, moto utazidisha masizi. Tutakiua kichocheo kwa mikono yetu."

"Salfa itoke wapi? Nafta imeshasafishwa."

Sabini na saba. Aliuzunguka ubao wa vidhibiti, akarudi. Nafta ikipita kwenye kichocheo chenye afya hupoa sana. Leo ilipoa kidogo tu. Kichocheo kilikuwa kimelishwa sumu.

Akainua redio. Mtunza matangi alikuwa mdogo wa mumewe, na Mama Mitambo ndiye aliyemwombea kazi hiyo.

"Shemeji, umebadilisha tangi?"

"Mchana, shemeji. Nimefungua la pili, nikafunga la kwanza. Kwani umeona jini?"

"Na la tatu?" La tatu lilikuwa na nafta ghafi yenye salfa, iliyobaki tangu matengenezo.

Redio ilikoroma.

"Shemeji, nakuuliza."

"Nilianza na hilo kwa makosa. Nikalifunga papo hapo. Ningekwambia ungenicheka hadi nyumbani."

"Nenda ukashike valvu."

Alisikia buti zikikimbia juu ya changarawe, kisha pumzi.

"Haikukazika, shemeji. Inapitisha. Naikaza sasa."

Sabini na tatu. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kuna nini huko?"

Angeweza kusema valvu imechakaa. Zote zilikuwa zimechakaa, na hakuna ambaye angebisha.

"Shemeji yangu alifungua tangi la tatu," alisema. "Hakusema. Naomba nishushe moto."

Msimamizi alimtazama, akaitazama skrini. "Shusha."

Akashusha. Shemeji aliingia na kofia mkononi, akaweka funguo za matangi mezani kabla hajaulizwa. Hakuna aliyezigusa.

Sabini na moja. Sabini na moja. Ilipofika saa kumi na mbili jioni, skrini ilionyesha sabini na mbili.